Mbwa wako ametoka mbuzi? Tazama kisigino

Mchoro wa mbwa ukikataa, anayeanza kuchora hukimbilia manyoya. Ataongeza vijistari mgongoni, atakoza macho, atamtoa ulimi nje, na mnyama atabaki vilevile: meza yenye mkia. Manyoya hayana kosa. Kosa liko miguuni, hasa ya nyuma.

Simama, nyanyua visigino, ubaki kwa vidole. Mbwa hutembea hivyo maisha yake yote. Ile pembe iliyochomoza kwa nyuma, ambayo watu huichora wakidhani ni goti lililogeuka, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu karibu na tumbo, na linatazama mbele kama lako. Kwa hiyo mguu wa nyuma una vipande vitatu: paja linashuka likielekea mbele mpaka gotini, muundi unarudi nyuma mpaka kisiginoni, halafu wayo unashuka karibu wima mpaka vidoleni. Ukiusahau huo wayo, mbwa ataonekana anatafuta pa kukaa. Na ukimalizia mguu kwa ncha, umempa kwato. Mbuzi ndipo anapoingilia. Mwisho wa mguu chora kifurushi kinene kilicholala chini, kisha ukigawe kwa vistari vitatu vifupi upate vidole vinne.

Vipimo husaidia kuliko kipaji. Chukua karatasi ya A4 na penseli ya HB, umchore mbwa aliyesimama ubavu, kimo cha sentimita 10 kutoka ardhini mpaka begani. Kichwa, toka ncha ya pua mpaka kisogo, kiwe kama sentimita 4. Kifua kishuke sentimita 5, yaani nusu ya kimo, na kiwiko kikae usawa wa chini ya kifua. Urefu wa mwili toka kifuani mpaka matakoni uwe 11 hivi. Kisigino kiwe sentimita 2 na nusu mpaka 3 juu ya ardhi, na kifundo cha mguu wa mbele kiwe chini yake kidogo. Mbwa hawalingani, na mtoto wa mbwa ana kichwa kikubwa kwa mwili wake, lakini kwa mbwa koko wa mtaani hesabu hii haikutupi mbali.

Anza na maumbo matatu, kwa mkono mwepesi: yai kubwa la kifua, duara dogo la nyonga, na kichwa. Yaunganishe kwa mstari mmoja wa uti wa mgongo, na mstari huohuo uendelee mpaka uwe mkia. Mkia uliobandikwa baadaye hujulikana tu. Mstari wa tumbo usiende sambamba na mgongo: unapanda kuanzia mwisho wa mbavu kuelekea mapajani. Mbwa wetu wa mtaani ni wembamba, hapo panaonekana wazi.

Kichwani, chora duara la kipenyo cha sentimita 2 na nusu, kisha kisanduku cha pua cha sentimita 2 kilichoingia kidogo ndani ya duara. Jicho linakaa pale viwili hivyo vinapokutana, juu kidogo. Hapa ndipo wengi humpa mbwa jicho la binadamu, duara lenye weupe pande zote, na maskini anaonekana kama ameona jini. Lijaze giza karibu lote, uache nukta moja nyeupe ya mwanga. Pembe ya mdomo iishie chini ya jicho.

Wa kumtazama hakosekani Mombasa, ingawa Mji wa Kale wenye mtaa ni paka (na somo la kisigino ni lilelile kwao). Jioni ufuoni, mbwa hulala mchangani kwa muda wa kutosha kuchora. Kaa mbali. Mbwa usiyemjua hasogelewi kwa ajili ya mchoro. Kichaa cha mbwa si mzaha. Saa sita mchana jua liko karibu utosini, kivuli kinajificha chini ya tumbo na ubavu wote unakuwa bapa. Subiri saa kumi: mwanga wa ubavuni utakuonyesha mbavu, bega na mfupa wa nyonga. Vivuli hivyo vipake kwa penseli ya 2B, iliyo laini na nyeusi kuliko HB.

Joto letu nalo lina shida zake. Kiganja kikitoa jasho karatasi inalainika, penseli inachimba, na raba inachubua badala ya kufuta. Weka kipande cha karatasi chini ya mkono, na daftari lilale ndani ya mfuko usiopitisha unyevu.

Kabla ya kukoza mistari, geuza karatasi juu chini. Mguu mrefu kuliko wenzake utauona papo hapo.

Sasa manyoya. Fuata yanakolala: toka puani kwenda kisogoni, toka begani kwenda chini na nyuma. Mbwa wa manyoya mafupi hahitaji zaidi ya vijistari kumi na tano hivi: nyuma ya shingo, nyuma ya paja, na upande wa chini wa mkia. Kwingine kote acha mstari safi.