Kompyuta Isipoiona Diski Yake, Anza na Waya

Mwaka jana niliihamisha kompyuta ya mezani ya duka langu la kuchapa na fotokopi kutoka Himbi hadi Majengo, nikiwa nimeipakata juu ya pikipiki, na anayeijua Goma anajua jinsi mawe ya lava ya Nyiragongo yanavyomtikisa abiria. Nilipoiwasha, iliandika kwamba haioni diski. Humo mlikuwa na kazi za kumalizia masomo za wanafunzi wengi. Fundi wa kwanza aliniambia, bila hata kuifungua, kwamba diski imekufa.

Nilichomoa umeme, nikagusa bati la kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha nikafungua. Diski ya SATA, yaani aina ya kawaida ya diski za kompyuta za mezani, huunganishwa kwa waya mbili: mwembamba wenye pini 7 unaopitisha data, na mpana wenye pini 15 unaoleta umeme. Ule mwembamba, ambao haukuwa na kibanio cha chuma, ulikuwa umelegea kwenye ubao mkuu, tena kidogo sana hivi kwamba kwa kuutazama tu ungeapa umekaa sawa. Niliuchomoa wote, nikapangusa vumbi, nikausukuma hadi ukagota. Diski ikaonekana.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, ingia kwenye BIOS, yaani programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows, mara nyingi kwa kubonyeza F2 au Delete unapowasha, uangalie kama jina la diski limo. Likiwemo, chunguza mpangilio wa kuwasha, yaani kompyuta inaanzia diski ipi, au Windows yenyewe. Lisipokuwemo, jaribu waya mwingine, kisha tundu jingine. Ukikuta tarehe imerudi miaka mingi nyuma, badilisha betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu, kwa sababu ikiisha, mipangilio ya BIOS hurudi ya kiwandani na Windows huweza kukataa kuwaka.

Sikiliza pia. Diski inayogonga ko, ko, ko izimwe papo hapo, kwani kila dakika inayozunguka huweza kukwaruza sahani zake. Na ukiiunganisha kwenye kompyuta nyingine, ikakuomba uifomati, yaani uiandae upya kana kwamba ni tupu, kataa, hata kama fundi anakuhimiza ukubali.

Yangu ilipoonekana, sikurudisha hata skrubu moja ya kasha kabla sijanakili kazi zote za wanafunzi kwenye flashi mbili.