Keria ya nyuma kwenye RAV4: kilo zilizoandikwa kwenye keria si kilo za gari lako

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota RAV4 ya mwaka 2007, ile yenye spea tairi kwenye mlango wa nyuma. Desemba tunakwenda Moshi, mimi, mke wangu na watoto watatu, na buti halitoshi. Shemeji yangu aliye Marekani ameniletea keria ya nyuma ya chuma, ya kuchomeka kwenye chuma cha kuvutia trela. Imeandikwa inabeba paundi 500. Gari langu halina chuma cha trela, ila fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu anasema atakitengeneza kwa siku moja, atatumia chuma kinene, na kwamba gari linalovuta trela ya tani moja haliwezi kushindwa na kilo 150. Nataka kupakia gunia la mchele, jenereta ndogo, masanduku mawili na dumu la petroli la akiba. Nifunge? (Baba wa watatu, Kimara)

JIBU: Usifunge, ndugu yangu, si kwa namna hiyo. Kila mwaka ukikaribia mwisho naletewa swali hili, na kila mara nakutana na maneno yale yale: linalovuta tani haliwezi kushindwa na kilo 150. Hakuna kauli inayoniudhi zaidi katika kazi hii, maana inasikika kama hesabu na watu wenye akili zao wanaikubali.

Trela ina magurudumu yake. Uzito wake karibu wote unakaa juu ya tairi zake yenyewe, gari linauvuta tu. Kinacholalia chuma cha gari ni sehemu ndogo, kwa kawaida kama asilimia 10. Keria haina gurudumu. Kila kilo unayopakia, pamoja na kilo za keria yenyewe, inaning'inia nyuma ya gari. Kwa hiyo namba ya kuuliza si ya kuvuta, ni ya uzito wa wima, yaani kilo zinazokilalia chuma cha gari kutoka juu. Huko huko Marekani ilikotoka keria yako, magari mengi madogo ya aina hii yanaruhusiwa kuvuta paundi 1,500, yaani kilo 680, na uzito wa wima paundi 150 tu, yaani kilo 68. Keria ya chuma peke yake inaweza kula kilo 25 au 30 katika hizo. Zile paundi 500, ambazo ni kama kilo 227, ni ahadi ya aliyetengeneza keria kwamba keria yake haitapinda. Yeye halijui gari lako. Keria hiyo hiyo huchomekwa nyuma ya pikapu kubwa yenye chasisi nzito, na huko inaweza kubeba uzito huo bila taabu.

Sasa tupige hesabu ya gari lako. Kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 2.56. Keria yako lazima ipite nyuma ya spea tairi, hivyo katikati ya mzigo patakuwa kama mita 1.28 nyuma ya ekseli ya nyuma, yaani nusu ya urefu ule. Kilo 150 za mzigo na 30 za keria ni 180. Kwa kuwa zinaning'inia nje ya magurudumu, ekseli ya nyuma haipokei 180, inapokea 270, yaani 180 na nusu yake. Hizo 90 za ziada zimetoka mbele: gari limeinuliwa pua. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya breki. Umeyapunguzia uzito kabla hata hujaondoka Kimara, halafu unakwenda nayo mpaka Moshi, zaidi ya kilomita 500, usiku pengine, taa zako zikiwapiga machoni madereva wa malori wanaokuja mbele yako kwa sababu nyuma imelala.

Hapo sijahesabu matuta. Gari likishuka tutani kwa kasi, mzigo unaoning'inia hauwi kilo 180 tena. Kwa kitambo kidogo nguvu yake inaweza kufika maradufu na kupita. Fikiria matuta yote ya vijiji na miji kuanzia Chalinze hadi Mwanga.

Na nguvu hiyo inaangukia wapi? Mafundi wa kuchomelea wanazungumzia unene wa chuma chao kana kwamba chuma chao ndicho kinachobeba. RAV4 haina chasisi ya ngazi, yaani fremu nzito ya chuma chini ya bodi, kama pikapu ya Hilux. Bodi ndiyo chasisi, nayo ni mabati yaliyokunjwa na kuungwa kwa ustadi, kila kunjo lina kazi yake. Nyuma ya bampa lako la plastiki kuna boriti nyembamba ya kupokea ajali, na huko ndiko wengi wanakochomelea kwa sababu ndiko kunakofikika. Boriti ile iliwekwa ipondeke gari likigongwa. Haikuwekwa ibebe kitu. Ukiongeza unene wa chuma cha keria umeongeza uzito tu, kinachochanika ni bati lililoshikilia. Tena moto wa kuchomelea hulegeza chuma kigumu cha bodi pale pembeni ya mshono, na huunguza rangi ya kuzuia kutu kwa ndani, mahali ambapo huwezi kupaona wala kupapaka tena.

Magari ya namna hii yanaletwa gereji na malalamiko ambayo mwenyewe hayahusishi na keria. Mlango wa nyuma umeanza kugoma, mpaka aubamize ndipo ufunge. Nikichungulia naona nafasi kati ya mlango na bodi ni pana juu kuliko chini. Nikiinua zulia la buti nakuta bati limefanya mawimbi kuzunguka bolti, tundu lililokuwa duara limekuwa refu kama yai, na rangi imepasuka nyufa nyembamba zilizoanza kuota kutu. Keria yenyewe ni nzima kabisa. Na mwenye gari ananiambia kwa kujiamini kwamba fundi alitumia chuma cha milimita sita.

Kwenye RAV4 yako kuna jambo jingine dogo linalosahaulika: mlango wako unafunguka kwa ubavu, kama wa nyumba. Keria ikishachomekwa mbele yake, haufunguki. Mtoto akitaka maji yaliyomo kwenye buti, ushushe mzigo wote kwanza. Tairi likipasuka Mombo, utashusha gunia na jenereta pembeni ya barabara ili uifikie spea. Taa za nyuma, indiketa na pleti namba nazo zinafichwa, na hapo trafiki ana haki kabisa ya kukusimamisha.

Najua utaambiwa dawa ni raba za springi, au springi ngumu zaidi. Watauza na watakufungia papo hapo, na kweli mkia utainuka. Zile kilo 90 zilizotoka mbele hazirudi. Bati la bodi halijapata nguvu hata chembe. Umeondoa dalili iliyokuwa ikikuonya.

Kama bado unataka keria ya nyuma, fuata njia hii. Tafuta chuma cha trela kilichotengenezwa kwa ajili ya modeli yako hasa, kinachofungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyoandaliwa na kiwanda, bila kuchomelea popote. Vile vilivyopimwa kwa kanuni za Ulaya vina kibati chenye herufi D na S. Namba ya S ni kilo za wima. Linganisha na kitabu cha gari, chukua iliyo ndogo, toa uzito wa keria, kinachobaki ndicho mzigo wako. Hapo keria ya aluminiamu inastahili bei yake, na ya shemeji tafuta mwenye pikapu umuuzie. Weka nyuma vitu vikubwa visivyo na uzito: magodoro, mabegi ya nguo, viti vya plastiki. Visogeze karibu na gari kadiri inavyowezekana, hakikisha hakuna plastiki inayokaribia mdomo wa eksozi, funga taa za ziada na pleti namba ya pili, kisha kagua bolti zote ukifika Chalinze.

Gunia na jenereta visikae nyuma wala juu ya paa. Sakafuni, vimesukumwa hadi mgongo wa kiti cha nyuma, vimefungwa mkanda. Hata hapo usijidanganye. Angalia ile karatasi ya Japani iliyokuja na gari: tofauti kati ya uzito wa gari na uzito wa jumla ni kilo 275, na hizo ni watu watano kwa kilo 55 kila mmoja. Hesabu hiyo haikuweka hata begi. Nyinyi watano mmeshaimaliza sehemu kubwa, kwa hiyo mchele mpeni mwenye basi la Moshi, au nunueni hukohuko.

Ninachowaomba wote mnaojiandaa na safari za mwisho wa mwaka ni swali moja kwa fundi kabla hajawasha mashine: kilo ngapi za wima, na imeandikwa wapi? Akikujibu kwa unene wa chuma, au kwa gari la mteja mwingine ambalo "halijawahi kusumbua", toa gari lako hapo. Wauzaji wa keria mtandaoni muwaulize hivyo hivyo. Wengi wanapiga picha keria ikiwa tupu.

Na dumu la petroli liache nyumbani. Nyuma ya gari ndiko unakogongwa, na eksozi iko chini yake. Njia nzima ina vituo vya mafuta: Chalinze, Segera, Mombo, Same, Mwanga.