Kubaki na Galaxy au kuhamia iPhone?

Ndugu, nimekuelewa: umetumia Galaxy miaka sita, ya sasa chaji haikai, na marafiki wanakuvuta uje iPhone. Kabla ya yote, fikiria betri. Simu nyingi tunazosema zimechoka, kilichochoka ni betri tu. Mpelekee fundi unayemwamini aibadilishe. Ukiona mfuniko wa nyuma umeanza kuinuka, betri imevimba; acha kuichaji leo hii.

Ukiwa bado unataka kuhama, jiulize ni kitu gani hasa unachokosa. Masasisho ya mfumo wa simu si hoja kubwa tena: kuanzia Galaxy S24 ya 2024, Samsung inaahidi miaka 7 kwa simu zake za juu. Chaja nayo si hoja, maana iPhone 15 na zilizofuata zinatumia USB-C, tundu lilelile la chaja lililo kwenye Galaxy za sasa. Kinachouma ni programu ulizolipia. Nyingi utazinunua upya.

Na tafadhali, usiuze simu ya zamani haraka. Mimi niliiuza siku ileile. Jioni barua pepe ya kazini ikadai namba ya uthibitisho, na programu inayotoa namba hizo ilikuwa kwenye simu niliyokwisha kuiuza. Nilikaa siku nne nimefungiwa nje. Kaa nazo zote mbili kama wiki mbili hivi.

Mazungumzo ya WhatsApp yahamishe kwa programu ya Move to iOS wakati unaiandaa iPhone kwa mara ya kwanza, kabla hujaanza kuitumia.