Maswali yenu: vita kwenye simu, mazimwi kitandani

Barua za mwezi huu zimeegemea upande mmoja. Mnashinda kutwa mkifuatilia vita na maandamano, usiku mnafungua fantasia za giza: wachawi, majeshi yaliyolaaniwa, wafalme wanaokula watu wao. Nimechagua sita.

Tangu 25 Juni 2024, waandamanaji walipoingia bungeni Nairobi, siwezi kuacha simu. Baadaye nikahamia vita vya Sudan, kisha vya Goma, mashariki mwa Kongo. Usiku nasoma riwaya ambazo kila mhusika ana damu mikononi. Mke wangu anasema riwaya hizo zinaniharibu. (Nakuru)

Msalimie shemeji, ila umwambie ameshika mshtakiwa asiye mwenyewe. Riwaya ina mwisho, na kuna mtu aliyekaa kuipanga. Simu inakumwagia vipande tu: mlipuko, maiti, tetesi, mlipuko mwingine. Baada ya saa mbili una hofu tele na hujui jipya.

Siku ile ya Juni ilistahili kufuatiliwa saa kwa saa, maana kesho yake rais alikataa kutia saini Mswada wa Fedha waliokuwa wakiupinga. Siku za namna hiyo ni chache. Vita vya Sudan, vilivyoanza 15 Aprili 2023 kati ya jeshi la Jenerali Burhan na RSF, kikosi cha wanamgambo cha Hemedti, havisomeki hivyo. Chukua ripoti moja ndefu na ramani. Ukishajua kwamba El Fasher ulikuwa mji mkubwa wa mwisho wa Darfur, magharibi mwa Sudan, mikononi mwa jeshi, na kwamba ulizingirwa zaidi ya mwaka kabla ya RSF kuuteka Oktoba 2025, habari za watu waliokuwa wakikimbia huko zitakuingia kwa namna nyingine. Ukimaliza, simu ilale sebuleni. Mazimwi unaweza kwenda nayo kitandani.

Mwalimu wetu wa fasihi anasema fantasia ni kuikimbia dunia. Je, ni kweli? (Mwanafunzi, Mbeya)

Ziko za kukimbilia, na sizilaumu. Lakini mpelekee mwalimu mfano huu. Mwaka 2010 Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alitoa riwaya Who Fears Death. Ina uchawi na jangwa, na mhusika mkuu ni binti aliyezaliwa kwa ubakaji wa vita, katika Sudan ya wakati ujao. Msukumo wake ulikuwa habari ya Washington Post ya 2004 kuhusu wanawake wa Darfur waliobakwa na wanamgambo wa Janjaweed. Sasa tazama: RSF iliundwa 2013 kutokana na wanamgambo haohao. Aliyekuwa amesoma riwaya hiyo aliposikia habari za Darfur mwaka 2023 hakuhitaji kuelezwa kwa nini wanawake wa huko walianza kukimbia kabla risasi hazijawafikia.

Mwandishi R. F. Kuang naye, katika riwaya The Poppy War ya 2018, alichukua uvamizi wa Japani nchini China na mauaji ya Nanjing ya 1937, akaviweka kwenye dunia ya miungu na afyuni. Hata Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, alipigana Somme, Ufaransa, mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na aliandika kwamba kufikia 1918 marafiki zake wa karibu wote isipokuwa mmoja walikuwa wamekufa. Alikataa katakata kitabu chake hicho kisomwe kama fumbo la Vita vya Pili vya Dunia, na mimi namwamini. Mtu aliyetoka kwenye mahandaki hahitaji fumbo ili vita viingie katika maandishi yake.

Mimi ni wa Goma, sasa niko Kampala. Kwenye kundi letu la WhatsApp watu wanabishana nani atashinda kama vile ni sinema. Mama yangu yuko kule. Inaniuma. (Jina nalihifadhi)

Pole sana, dada. Una haki ya kuumia, na sitakuambia uvumilie.

Sisi wasomaji wa hadithi tuna tabia mbaya: tukiona vita tunatafuta shujaa, na tukiona tukio la pili tunadhani ni marudio ya la kwanza. Waasi wa M23 waliiteka Goma Novemba 2012, wakatoka baada ya siku kumi hivi. Walipoingia tena mwishoni mwa Januari 2025, wapo waliosema wataondoka tu. Februari wakaingia Bukavu. Goma benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na mtu mwenye akiba yake akawa hana namna ya kuishika. Hayo hayana mbabe wa kushangilia, ndiyo maana kundi lenu haliyazungumzi.

Fantasia nzuri za giza, ajabu yake, hazisahau mambo hayo: mshahara wa askari usiolipwa, bei ya mkate ndani ya mji uliozingirwa. Waulize wabishi wa kundi lenu unga unauzwa bei gani leo Goma. Asiyejua anyamaze, au atume pesa. Na wewe una ruhusa ya kutoka kwenye kundi bila kuaga.

Nimetumiwa video ya ndege ikitunguliwa usiku, picha inatikisika. Nisambaze? (Tanga)

Usisambaze. Huenda ni mchezo wa kompyuta. Picha za mchezo wa vita uitwao Arma 3 zimezungushwa mara nyingi kama vita vya Ukraine, hata Bohemia Interactive, kampuni ya Ucheki inayoutengeneza, ikatoa maelezo Novemba 2022 ya namna ya kuzitambua: ubora hafifu, kutikisika kupita kiasi, giza, kukosa sauti, watu kutoonekana wakitembea. Yako ina mbili tayari.

Mwanangu wa miaka 13 anataka vitabu hivi vya fantasia za giza. (Mama, Mombasa)

Mama, kila kitabu kisome wewe kwanza. Kikiwa na ubakaji, kisubiri miaka kadhaa. Mazimwi na panga hazitamdhuru. Ila taarifa ya habari ya usiku anaitazama pamoja nanyi, na hiyo ina maiti halisi. Je, kuna aliyemuuliza ameonaje?

Kwa Kiswahili tunacho chochote cha namna hii? (Muscat)

Jaribu Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyefariki Januari 2020. Ni vitabu vyembamba na vigumu, vinakwenda kama ndoto mbaya. Havina panga wala majeshi ya wafu. Anza na Nagona, na usikate tamaa ukifika katikati hujui uko wapi. Wengi wetu tulipotea hapohapo.