Timu Ikifungwa kwa Pointi Chache, Usianze na Sekunde ya Mwisho

Usiku wa tarehe 23 Januari 2022 nilikuwa sebuleni kwa shemeji yangu, upande wa magharibi wa jiji la Buffalo, jimbo la New York, tukiwatazama Buffalo Bills wakicheza ugenini Kansas City katika mtoano wa ligi ya futiboli ya Kimarekani. Zikiwa zimebaki sekunde 13, Josh Allen alimrushia Gabriel Davis pasi ya nne ya mabao usiku ule, nasi tukawa tunaongoza kwa pointi 36 dhidi ya 33. Nilichukua simu nikampigia mdogo wangu Kigoma, ambako kulikuwa kunapambazuka, nimwambie kwamba tumeshinda. Alipopokea, hatukuwa tumeshinda tena.

Kwa asiyeujua mchezo huu, sekunde 13 ni nyingi kuliko zinavyosikika, kwa sababu saa husimama mara kwa mara, na timu ikiwa imebakiza nafasi za kuisimamisha inaweza kucheza, ikapumua, ikacheza tena. Tulipoanzisha mchezo, mpira ulipigwa hadi mwisho wa uwanja, na saa haikusogea hata kidogo. Patrick Mahomes wa Kansas City alirusha pasi mbili tu, moja ya yadi 19 kwa Tyreek Hill na nyingine ya yadi 25 kwa Travis Kelce, kisha Harrison Butker akapiga mkwaju wa yadi 49 uliopita katikati ya nguzo na kusawazisha. Katika muda wa nyongeza sarafu iliwaangukia wao, wakaanza na mpira, wakafunga bao, na kwa kanuni ya wakati ule mchezo ukaisha hapo hapo kwa 42 dhidi ya 36 bila Allen kuugusa mpira.

Naona aibu kueleza kilichofuata. Shemeji alisema kosa lilikuwa la kuupiga mpira mbali badala ya kuuburuza chini ili saa itembee. Mimi nilisema kosa lilikuwa la mabeki waliosimama nyuma mno. Dada yangu alikuwa ametoka jikoni na sahani ya maandazi ambayo hakuna aliyeyagusa, na kabla hayajapoa tulikuwa tumeacha kuzungumzia mpira na kuanza kuzungumzia nani ana kiburi, nani hajui kitu, na nani alianza kuishabikia timu hii kabla ya mwenzake. Hatukusalimiana hadi mwezi Februari.

Tangu hapo nimeipoteza michezo mingine kadhaa ya namna ile, na ushauri wangu wa kwanza kwa shabiki mwenzangu ni mwepesi kuusema ingawa ni mgumu kuutii: usiku wa kushindwa usimtaje mtu, si kwa mdomo wala kwa simu. Weka simu chumba kingine. Unachotaka kuandika saa nne usiku kitakuwa bado kinaandikika asubuhi, endapo utakuwa bado unakitaka.

Ushauri wa pili ndio uliobadilisha namna yangu ya kutazama. Kesho yake, unapoanza kuuhesabu mchezo, anza na dakika ya kwanza. Jirani yangu mmoja mzee, ambaye aliishuhudia fainali ya Super Bowl ya Januari 1991, ndiye aliyenifundisha jambo hili. Katika fainali ile Scott Norwood alipiga mkwaju wa yadi 47 zikiwa zimebaki sekunde nane, mpira ukapita kulia kwa nguzo, na Bills wakafungwa na New York Giants pointi 20 kwa 19. Watu wengi wanaukumbuka mkwaju huo tu. Mzee yule anakumbuka kwamba katika dakika 60 za mchezo Giants waliushika mpira kwa zaidi ya dakika 40, na huniuliza kila mara: timu inayotazama mchezo kutoka benchi kwa muda wote huo ilipotezwa na mguu wa mtu mmoja? Anakumbuka pia kwamba timu iliporudi nyumbani, umati uliokusanyika katikati ya jiji uliliita jina la Norwood kwa sauti, ukimtaka asogee mbele ili ashangiliwe.

Nilidhani hayo ni masimulizi ya zamani hadi Januari 2024, tulipowakaribisha Kansas City katika uwanja wetu wa Orchard Park. Tyler Bass alikosa mkwaju wa yadi 44 ambao ungesawazisha, nao ulipita kulia vilevile, tukafungwa 27 kwa 24. Matusi aliyotumiwa mtandaoni yalimfanya afunge kurasa zake. Hata hivyo mashabiki wengine walianza kuchangia kituo cha kuokoa paka ambacho Bass alikuwa amekiunga mkono, wengi wakitoa dola 22 kwa sababu jezi yake ilikuwa namba 2, na katika siku chache zilipatikana zaidi ya dola 100,000. Nami nilitoa zangu, ingawa sipendi paka. Nilipourudia mchezo ule polepole niliona mbinu ya kujifanya tunapiga mpira mbali ikishindikana tukiwa katika nusu yetu wenyewe, na pasi ndefu ikimteleza Stefon Diggs mikononi.

Hata Butker, aliyetuumiza mwaka 2022, alikosa mkwaju wa pointi moja ya ziada unaopigwa baada ya bao, katika mchezo uleule. Timu yake ilishinda, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuikumbuka.

Simaanishi kwamba lalamiko la aliyeshindwa ni la bure siku zote. Kanuni ya muda wa nyongeza iliyotunyima zamu ilikuwa mbovu, na mwezi Machi 2022 wamiliki wa timu waliibadilisha ili katika mtoano kila upande upate kuushika mpira.

Mtihani wangu ulikuja tarehe 26 Januari 2025, tulipofungwa tena Kansas City, 32 kwa 29, katika mchezo wa kuwania nafasi ya kwenda Super Bowl. Mwanzoni mwa robo ya nne, tukiongoza kwa pointi moja, Allen alijisukuma mbele katika jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho kabla ya kuupoteza mpira, akitafuta yadi moja, na waamuzi wakasema hakuifikia. Jiji zima lilizungumzia sentimita zile. Shemeji alinipigia saa tano usiku, akawasema waamuzi kwa robo saa nzima, nami nilimsikiliza bila kumjibu. Alipotulia nilimwuliza kama anakumbuka kwamba baada ya mabao mawili tuliacha mkwaju wa pointi moja tukatafuta pointi mbili, na mara zote mbili tukatoka mikono mitupu, katika mchezo ulioamuliwa kwa pointi tatu.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama nina zile nyaya za kuwashia gari, maana betri yake ilikuwa imezimwa na baridi na alitakiwa kazini saa kumi na mbili asubuhi.