Mhalifu Akitambulika Mapema, Je, Riwaya Imeharibika?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kikundi chetu cha usomaji hapa Ujiji, Kigoma, vijana wamegawanyika kuhusu riwaya ya upelelezi tuliyoimaliza: baadhi wanailaumu kwa kuwa walimtambua mwizi kabla ya kufika katikati, na wengine wanaisifu kwa sababu hiyo hiyo. Wewe unaonaje?
Mwalimu, Ujiji

JIBU: Mwalimu, ninaelekea upande wa wanaoisifu, ila kwa sharti kwamba mwandishi awe ametandaza dalili zake waziwazi, kwa namna ambayo msomaji makini angeweza kuziunganisha mwenyewe. Kinachoudhi zaidi, kwa maoni yangu, ni mhalifu anayezuka katika sura ya mwisho bila kutajwa kabla. Muhammed Said Abdulla, aliyemtambulisha mpelelezi Bwana Msa katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alimpa msaidizi, Najum, ambaye huona mengi anayoyaona Bwana Msa lakini hukosa kuyapambanua; na utamu wa kusoma (mimi husoma polepole kwa makusudi) umo katika kujaribu kumtangulia Najum.

Waambie vijana wako waonyeshe ukurasa ambapo shaka yao ilianzia na neno au tendo lililoizua. Asiyeweza kuuonyesha alibahatisha tu, na lawama yake isihesabiwe. Lakini wengi wakionyesha ukurasa mmoja wa mwanzoni, basi hapo mwandishi alifichua siri yake mapema mno.