Saa moja ya kupimia muda kwa makundi yote
Kwa aliyeuliza apimeje muda wa mbio za nyika makundi yakianza kwa kupishana: usitumie saa mpya kwa kila kundi. Washa moja kundi la kwanza linapoondoka, isizimwe mpaka mkimbiaji wa mwisho amalize. Kila kundi likiondoka, andika papo hapo saa inasomaje. Usitegemee ratiba hata kidogo, maana kundi likichelewa sekunde 20, wote waliomo wanaonewa. Aliyefika saa ikisoma 31:40 (dakika na sekunde), na kundi lake liliondoka ikisoma 4:10, amekimbia 27:30. Namba za kifuani ziwe na rangi tofauti kwa kila kundi, na mtu wa pili aandike mfuatano wa namba wanapofika. Watangazie mapema kwamba anayefika kwanza huenda asiwe mshindi.